Gofu Lisilo Mahame: Kanisa la Mtakatifu Luka, Liverpool

Kiswahili hutofautisha gofu na mahame. Gofu ni jengo lililobomoka likabakiza kuta. Mahame ni mahali palipohamwa na watu. Aghalabu mambo hayo mawili huandamana, hata tukadhani kuwa ni jambo moja. Historia ya Kanisa la Mtakatifu Luka, katika jiji la Liverpool, Uingereza, yaonyesha kwamba sivyo.

Ujenzi wa kanisa hilo la Kianglikana ulianza mwaka 1811, ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1830. Waliolisanifu ni John Foster na mwanawe mwenye jina hilo hilo. Mwanzoni mwa Mei 1941, ndege za Ujerumani zilishambulia Liverpool na miji jirani kwa siku 7 mfululizo, wakafa watu wapatao 1,700. Bomu la moto liliangukia kanisa. Paa likateketea pamoja na vilivyokuwamo ndani. Mnara na kuta vikasalia.

Baada ya vita zilikuwapo njia mbili zilizozoeleka: kulijenga upya, au kulibomoa na kuutumia uwanja wake kwa shughuli nyingine. Hapakufuatwa hata moja. Gofu liliachwa lisimame liwe kumbukumbu ya waliokufa. Mgeni apandaye Bold Street hulikuta mwisho wa barabara, madirisha yake matupu, mbingu ndiyo dari. Wasanii walianza kulitumia mwaka 2007, na tangu hapo muziki, maigizo na filamu vimekuwa na makao humo. Nje, katika uwanja wake, pana ukumbusho uliozinduliwa mwaka 1998 wa njaa kuu ya Ireland, iliyowaleta maelfu ya watu katika bandari hiyo kati ya mwaka 1845 na 1852.

Yawezekana mtu akauliza: je, muziki na vicheko mahali palipoungua si kuwavunjia heshima waliokufa? Swali hilo ni zito, wala halijibiwi kwa kudai kwamba wakati umepita. Jibu moja limo katika usemi wa wenyeji. Katika mazungumzo yao, jina la mtakatifu aghalabu huwekwa kando. Hulitaja kuwa ni kanisa lililopigwa bomu. Kwa hiyo kijana anayeagana na rafikiye wakutane hapo jioni hawezi kupataja mahali bila ya kuvitaja vita ambavyo hakuviona. Lau milango ingalifungwa kwa ajili ya heshima, kuta zingalibaki, lakini wenye haja ya kulitamka jina hilo wangalipungua mwaka hata mwaka.