Safu ya Lugha: Daftari

Neno daftari, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu na Kiajemi kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi, huweza kudhaniwa kuwa ni la hesabu tu. Lakini katika maghala ya Bagamoyo ya karne ya 19, ambako tajiri Sewa Haji aliitayarishia misafara shehena, hesabu pasipo sifa za bidhaa haikufaa kitu, kwani kitambaa cha merikani si kile cha kaniki, na ushanga uliopendwa nchi moja ulikataliwa nchi nyingine. Kwa hiyo, leo mwenye maduka anapoiunganisha programu ya maelezo ya bidhaa na ile ya akiba, bei na mauzo, napendelea tuseme daftari moja: jina, kipimo na rangi huandikwa mara moja, na kila tawi husoma humo.