Shamba, hospitali na mto Malaba

Mwaka 2008 mama alituvusha Malaba na godoro moja, tukalala Mulanda, huko Tororo, kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo. Hati ya shamba tuliloliacha Kenya bado anaitunza. Kwa hiyo vijana wakiniuliza kama serikali inaweza kuchukua shamba la mtu ijenge hospitali, sijibu haraka haraka.

Inaweza, Busia ya huku na Busia ya kule. Mpaka 1902 pande zote zilihesabiwa Uganda, Waingereza wakasogeza mpaka, ndugu wakabaki ng'ambo. Baada ya uhuru kila nchi ikatunga sheria ya kutwaa ardhi: Uganda 1965, Kenya 1968. Ile ya Uganda iliruhusu serikali iingie shambani kwanza, pesa baadaye. Baadaye ya lini? Katiba ya 1995, ibara ya 26, ikasema fidia itangulie, hata kama ardhi ni ya afya ya umma. Lakini kufutwa kwa kile kifungu cha zamani kulithibitishwa na Mahakama ya Juu 2015 tu, kwenye kesi ya Irumba ya barabara ya Hoima. Miaka ishirini! Mwaka 2017 serikali ikaleta muswada wa kulegeza sharti hilo, watu wakapiga kelele, haukupita.

Kenya nayo, katiba ya 2010, ibara ya 40, inataka fidia kamili na ya haraka, tena inaruhusu hata anayekaa kwa nia njema bila hati afidiwe.

Mama aliposikia hapo akaacha kuchambua maharage. "Bila hati kabisa?"

Kipande tunacholima hapa hatuna hati yake, na hapa ni Uganda.