Transfa ya Land Rover: Vipuri vya kukaguliwa kabla ya kuifunga upya

Mkulima anayeteremka kutoka Mau Narok akiwa na magunia ya viazi nyuma ya Land Rover hutegemea injini kupunguza mwendo kuliko anavyotegemea breki. Gia ya chini ikichomoka njiani, injini na magurudumu hutengana, na hakuna gia yoyote ya giaboksi itakayolizuia gari. Hitilafu hiyo huzaliwa ndani ya transfa, kisanduku kinachopokea nguvu kutoka giaboksi na kuzigawa mbele na nyuma.

Transfa aina ya LT230 ilitumika katika Land Rover 110 ya mwaka wa 1983, gari ambalo tangu 1990 liliitwa Defender, na ikadumu hadi uundaji wa muundo huo ulipokoma Januari 2016.

Ukaguzi huanza na oili. Unga laini wa kijivu si ajabu. Vipande vinavyong'aa ni ishara kwamba beringi au jino limemeguka. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Mpira wa kupumulia ukizibwa na vumbi, transfa yenye joto inayotumbukia mtoni hupoa ghafla na kufyonza maji kupitia sili.

Sehemu inayowahadaa mafundi wengi ni shafti ya kati. Yapaswa kukaa imara katika matundu ya kasha. Ikilegea, huyasaga na kuyapanua, na oili huanza kuvuja upande wa mbele. Kubadilisha shafti na mpira wake pekee ni kupoteza fedha: tundu lililopanuka litavujisha tena. Kasha lenyewe sharti lipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma, litobolewe na kutiwa bushi. Gharama hiyo huwakera wenye magari, lakini transfa iliyokaukiwa oili huharibu beringi zote.

Gia ya kuingizia nguvu nayo huvalia shafti ya giaboksi kwa mifereji. Vumbi jekundu la kutu humo huonyesha kwamba oili haikufika. Gia za baadaye zilitobolewa ili kuipitisha oili hiyo, lakini mifereji ya shafti ikiwa imeliwa, gia mpya itakwisha upesi.

Kuhusu gia inayochomoka, fundi huangalia meno ya kola inayobadilisha gia ya juu na ya chini. Meno yenye ncha zilizoviringika hayashikani vyema. Aidha, meno yaliyogeuka rangi ya samawati yaliungua, na hayafai kurudishwa hata yakionekana mazima. Vivyo hivyo hukaguliwa washa za difu ya katikati, hasa kwa gari lililozoea kuzungusha gurudumu moja katika tope la Molo bila kufungwa difu.

Hatimaye ni sili ya nyuma. Breki ya mkono ya magari haya imo kwenye ngoma iliyo nyuma ya transfa. Sili ikivuja, oili hulowesha brekishuu na gari likaachwa mlimani bila kizuizi. Propela shafti ya nyuma ikishafunguliwa, breki hiyo haishiki gurudumu lolote. Ndiyo maana mawe huwekwa magurudumuni kabla ya fundi kuingia chini ya gari.