Sheria Iliyomfuata Mtu: Mahakama za Makonseli Zanzibar

Katika karne ya 19, sheria iliyomhukumu mkazi wa Unguja ilitegemea zaidi dola aliyohesabiwa kuwa chini yake kuliko ardhi aliyoikanyaga. Msingi wa utaratibu huo ulikuwa mamlaka ya kikonseli, yaani haki ya konseli, mwakilishi wa dola ya kigeni anayesimamia biashara na raia wake ugenini, ya kuendesha mahakama ndani ya nchi ya mtawala mwingine. Mkataba uliotiwa saini Maskati mwaka 1833 baina ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Zanzibar, na Marekani ulimwachia konseli wa Marekani kesi zote za Wamarekani wao kwa wao, na Uingereza ikapata haki kama hizo mwaka 1839, kisha Ufaransa mwaka 1844. Seyyid Said hakuliona jambo hilo kuwa geni, kwa kuwa hata raia wake mwenyewe, kwa kadiri ya madhehebu yao, walihukumiwa na makadhi wa Kiibadhi au wa Kishafii.

Uzito wa mikataba hiyo ulidhihirika pale Uingereza ilipodai kwamba Wahindi waliokaa Zanzibar nao wako chini ya himaya yake. Dai hilo lilikuwa na utata, kwa sababu wengi wao walitoka Kutch, nchi iliyotawaliwa na mfalme wake wa asili chini ya ulinzi wa Waingereza, na kwa sababu walishika mishipa ya uchumi wa Sultani, ikiwemo forodha, ambayo kwa miongo kadhaa ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Mwaka 1860 konseli Christopher Rigby aliwalazimisha Wahindi kuwaacha huru watumwa wao, ingawa sheria ya Zanzibar ilikuwa bado inaruhusu utumwa, hivi kwamba Mwarabu na Mhindi waliopakana mashamba walijikuta chini ya sheria mbili zinazopingana.

Nguvu ya mpaka huo usioonekana ilishuhudiwa tena baada ya Waingereza kulipiga mizinga kasri la Sultani tarehe 27 Agosti 1896. Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia kiti cha enzi, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na askari waliowekwa nje hawakuthubutu kuingia kumkamata. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilisogea hadi kwenye lango la ubalozi huo lililoelekea baharini, naye akaingia humo bila kukanyaga ardhi ya Sultani, akapelekwa Dar es Salaam.

Baada ya Zanzibar kuwa nchi lindwa ya Uingereza mwaka 1890, dola nyingine ziliziacha mahakama zao hatua kwa hatua, lakini mahakama ya Waingereza, ambayo rufaa zake zilikwenda Mahakama Kuu ya Bombay, ilikuwa imekwisha kuzizoesha sheria za India katika visiwa hivyo. Sheria hizo zilienea hata bara, ambako Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika Tanganyika mpaka ilipofutwa mwaka 1967. Na hivyo sheria iliyoletwa kwa ajili ya raia wa dola moja ugenini ikaishia kuwahukumu wenyeji wote katika nchi yao wenyewe.