Shughuli za Vikundi na Fundisho la Udada: Girl Guides na Wayfarers nchini Afrika Kusini, 1925–1936

Makala haya yanachunguza namna shughuli za vikundi zilivyotumika kuwafunza wasichana maadili katika chama cha Girl Guides, na kilichotokea pale maadili hayo yalipogongana na ubaguzi wa rangi. Hoja kuu ni kwamba kikundi hufundisha kwa njia mbili: kwa kazi kinazozifanya, na kwa watu kinaowaruhusu kuingia. Mjadala wa malezi huelekea kuitazama zaidi njia ya kwanza. Historia ya Afrika Kusini inatudai tuitazame pia ya pili.

Girl Guides ilianzishwa Uingereza mwaka 1910, baada ya wasichana kujitokeza katika mkutano wa skauti wa kiume uliofanyika Crystal Palace, London, mwaka 1909. Robert Baden-Powell alimkabidhi Agnes, dada yake, jukumu la kukiongoza chama hicho. Msingi wa mafunzo ulikuwa kikosi kidogo chini ya uongozi wa msichana mwenzao. Humo wasichana walipiga kambi, walipika, walijifunza huduma ya kwanza na kucheza michezo. Mantiki ya mfumo huu ilikuwa wazi: uwajibikaji hauhubiriwi tu, bali huzaliwa pale uzembe wa mmoja unapowaumiza wenzake. Aliyepewa zamu ya kuchota maji asipoyaleta, kikosi kizima hulala njaa.

Kanuni ya nne ya chama ilimtaka kila mwanachama awe rafiki wa wote na dada wa kila mwanachama mwenzake. Katika kitabu cha mafunzo cha mwaka 1912, udada huo ulitakiwa kuvuka mipaka ya tabaka la kijamii. Rangi haikutajwa. Kitabu hichohicho, kwa jina lake, kiliwaita wasichana kusaidia kuijenga himaya. Hivyo ahadi ya usawa na mradi wa ukoloni viliwekwa chini ya jalada moja.

Nchini Afrika Kusini, ukimya huo ulipata tafsiri. Wasichana Waafrika hawakupokewa katika Girl Guides. Mwaka 1925 ikaundwa jumuiya yao ya pekee, Girl Wayfarers, yenye uhusiano wa karibu na shule za misheni. Kwa wavulana, jumuiya ya Pathfinder ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1922. Mbinu za malezi zilifanana na za Girl Guides: vikundi, michezo, nyimbo na kazi za mikono. Kilichotofautiana ni mpaka. Msichana aliweza kujifunza ushirikiano kila wiki, huku kuwapo kwa jumuiya mbili kukimfundisha kwamba ushirikiano huo una kikomo.

Mwaka 1936 Girl Guides ilikubali kuwaingiza Wayfarers, lakini kama tawi la Waafrika lililotengwa na matawi mengine. Wayfarers wa Transvaal, waliokuwa na Edith Rheinallt Jones miongoni mwa viongozi wao wakuu, hawakuungana kwa mpango huo, bali walibaki na jumuiya yao.

Uamuzi huo unaweza kusomwa kwa namna mbili. Yupo atakayesema kwamba kujitenga kuliendeleza utengano uleule. Hata hivyo, kujiunga kwa masharti yale kungeupa ubaguzi muhuri wa udada. Zaidi ya hayo, Wayfarers hawakuwa huru na mahusiano ya kikoloni, kwani wanawake Wazungu walikuwa na nafasi kubwa katika uongozi wao. Kwa sababu hiyo, si sahihi kuliona tukio la Transvaal kuwa ushindi kamili wa usawa. Ni sahihi zaidi kuliona kuwa ushahidi kwamba kanuni ya udada ilikuwa imeanza kuwahukumu waliyoitunga.

Inahitimishwa kwamba mtafiti wa malezi ya vijana hatakiwi kuishia kwenye orodha ya shughuli. Kabla ya kuuliza vijana walifanya nini pamoja, aulize ni nani aliyeachwa nje, na wale waliokuwa ndani walijifunza nini kutokana na kutokuwapo kwake.