Ajali Haina Kinga? Watembea kwa Miguu na Reli, Kutoka Parkside hadi Kampala

Mimi ni Mganda, na nyumbani kwetu Kampala ni hatua chache kutoka kwenye reli. Nilipokuwa darasa la sita, mama mmoja jirani yetu aligongwa na treni ya mizigo akirudi sokoni. Msibani nilisikia kauli mbili. Wazee walisema ajali haina kinga, tumwachie Mungu. Vijana wakanong'onezana nyuma ya hema: yeye mwenyewe alifuata nini relini? Wakati ule niliona kauli hizo zinapingana. Sasa naona zinafanya kazi moja, kwa sababu kila moja inamaliza mazungumzo. Kama ni majaliwa, hakuna la kuuliza. Na kama ni kosa la marehemu, pia hakuna la kuuliza.

Mhadhiri wetu alipotutaka tuandike insha ya historia kuhusu kitu kilicho karibu na nyumbani, nilichagua reli. Wenzangu wengi wakisikia habari za reli ya Uganda hukimbilia simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Simba nimewaachia wao. Mimi nataka kuuliza swali la msibani: je, ajali ya reli kweli haina kinga? Na nani aliamua kwamba anayekanyaga reli ndiye mwenye kosa?

Inabidi nianze mbali, Uingereza, kwa sababu huko ndiko treni za abiria zilikoanzia kazi. Tarehe 15 Septemba 1830 reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa kwa sherehe kubwa. Waziri Mkuu, Duke wa Wellington, alikuwa miongoni mwa wasafiri. Treni yake ilisimama mahali panapoitwa Parkside ili injini iongezwe maji. Abiria walikuwa wameagizwa wasishuke, lakini baadhi yao walishuka kunyoosha miguu. Mmoja wao alikuwa William Huskisson, mbunge wa Liverpool na waziri wa zamani, aliyekwenda kumsalimu Wellington. Injini iitwayo Rocket ikaja kwenye reli ya pili. Huskisson alisitasita, akajaribu kupanda behewa, akaanguka, mguu wake ukasagwa. Alifariki jioni ile ile.

Kisa hiki husimuliwa sana, lakini kuna jambo moja ambalo hupitwa haraka. Huskisson alikuwa mtu mzima mwenye elimu, tena mchana kweupe. Injini aliiona. Alichoshindwa ni kukadiria kasi yake. Zaidi ya miaka 150 baadaye, mwaka 1985, mwanasaikolojia wa Marekani Herschel Leibowitz alieleza kwamba macho ya binadamu hudanganywa na vitu vikubwa: kitu kikubwa kinachotujia huonekana kinakwenda polepole kuliko kasi yake halisi. Ukisimama katikati ya reli, treni inayokuja mbele yako haikati upande huu wala ule. Inakua tu, na mwanzoni inakua kidogo kidogo. Mama jirani yetu na mbunge wa Liverpool walikuwa na macho ya aina moja. Tofauti yao ni kwamba Huskisson alizikwa kwa heshima, na sijasoma popote kwamba aliitwa mvamizi.

Nimefanya hesabu ndogo. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Mtu mwenye mzigo kichwani akihitaji sekunde nne kuvuka salama, treni imeshakula karibu mita 70. Dereva hata akifunga breki zote, treni ndefu ya mizigo iliyojaa inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kabla ya kusimama. Wala haiwezi kukwepa. Kwa hiyo yule anayesema "dereva angesimama" hajui treni, na yule anayesema "angesikia honi" hajawahi kupita relini siku ya mvua na mabati yanapiga kelele kila upande.

Nirudi kwenye sheria. Mwaka 1845 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozilazimisha kampuni za reli kuweka ua kati ya reli na mashamba ya majirani, ili, pamoja na mengine, ng'ombe wasipotelee kwenye reli. Zaidi ya ua, mwenye shamba ambaye ardhi yake ilikatwa na reli alistahili kujengewa lango, daraja au njia ya chini ili aendelee kufika upande wa pili. Hapo nilisimama nikasoma mara mbili. Sheria ilikiri kwamba reli ndiyo iliyomkuta mkulima, na kwa hiyo anayemkata njia mwenzake ndiye mwenye jukumu la kumvusha. Bila shaka waliolindwa zaidi ni wenye ardhi na mifugo, si maskini waliotembea kwa miguu. Lakini kanuni ilikuwepo.

Je, kanuni hiyo ilivuka bahari? Reli yetu ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ufukwe wa ziwa, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Kampala iliunganishwa moja kwa moja mwaka 1931, baada ya daraja la Jinja, na Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Upana wa mita moja uliigwa kutoka India. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Hata sheria ya kutwaa ardhi ilikuwa ya India, ya mwaka 1894. Kwa sheria hiyo ukanda wa maili moja kila upande wa reli ulitwaliwa na serikali katika Kenya ya leo.

Katika safari hiyo ndefu, kosa la kukanyaga reli bila ruhusa lilifika salama. Lilikuwemo katika sheria ya reli ya India ya mwaka 1890 na tunalo mpaka leo. Ua na vivuko vilibaki njiani. Kwa sehemu kubwa reli ilipita wazi, ikakata vijia vya kwenda visimani, malishoni na makaburini, na hakuna aliyeulizwa atavukia wapi. Kwa kuwa ardhi sasa ilikuwa ya serikali, hapakuwa na mkulima wa kusimama mbele ya hakimu kudai daraja. Kwa maoni yangu hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Mtu yule yule ambaye Uingereza angeitwa jirani wa reli, huku aliitwa mvamizi.

Najua hoja ya upande wa pili, na wenzangu darasani wameshanirushia. Wanasema watu wengi wanaokaa kando ya reli leo hawakuwepo reli ilipojengwa. Wao ndio walioifuata. Ni kweli. Mitaa kama Namuwongo hapa Kampala ilikua baadaye, watu wakitafuta mahali pa bei nafuu karibu na kazi. Na wapo wanaoanika nguo kwenye kokoto, wanaopanga nyanya karibu na chuma, wanaopita na visikizio masikioni. Siwatetei wote. Lakini nawaomba wanaosema hivyo watembee Namuwongo baada ya mvua. Eneo lile ni bondeni, maji ya mfereji wa Nakivubo yakipanda kila mahali ni tope. Kilichoinuka, kilicho kikavu na kilichonyooka ni tuta la reli. Mtoto wa shule mwenye viatu pekee atapita wapi? Tena treni zetu kwa miaka mingi zimekuwa chache. Reli inayopitisha treni kila dakika kumi hukumbusha watu kwamba ipo. Ile inayopitisha moja asubuhi na nyingine Mungu ajuaye lini hugeuka kuwa barabara ya miguu, mpaka siku ile.

Dawa iliyozoeleka ni kubomoa. Mwaka 2014 vibanda na nyumba kando ya reli vilibomolewa Ndeeba, Namuwongo na kwingineko Kampala. Mwaka uliofuata treni ya abiria kati ya Kampala na Namanve ikarudi. Sipingi kwamba nyumba iliyo mita mbili kutoka kwenye chuma ni hatari. Ninachosema ni kwamba nyumba ikibomolewa, kijia hakibomoki. Soko liko pale pale, shule iko pale pale, na kati yake kuna reli.

Nairobi walianza vivyo hivyo. Mwaka 2004 wakazi wa kando ya reli huko Kibera walipewa notisi ya kuhama. Jumuiya yao, Muungano wa Wanavijiji, pamoja na shirika la Pamoja Trust, hawakuishia kuandamana; walipendekeza watu wahesabiwe na mpango ufanywe nao. Jambo lililonifurahisha ni kwamba maafisa wa shirika la reli la Kenya walipelekwa Mumbai kuona jinsi wenzao wa India walivyolishughulikia tatizo hilo hilo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: zaidi ya karne moja baada ya India kutuletea mafundi na vipimo vya reli, tulirudi huko kuuliza jinsi ya kuishi nayo.

Na Mumbai kulikuwa na la kujifunza, zuri na baya. Treni ya kwanza ya abiria ya India ilitoka mji huo tarehe 16 Aprili 1853 kwenda Thane. Mwaka 2012 kamati iliyoongozwa na mwanasayansi Anil Kakodkar iliripoti kwamba watu karibu 15,000 hufa kila mwaka India wakikatiza reli, na karibu 6,000 kati yao ni kwenye treni za mjini Mumbai peke yake. Kamati ilitumia neno mauaji, si ajali. Hilo ndilo baya.

Zuri ni mambo mawili. La kwanza, familia za kando ya reli zilihamishwa kwa mpango uliosimamiwa na wakazi wenyewe, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Watu wapatao 60,000 walihama bila kulazimishwa kwa nguvu. La pili ni dogo, lakini mimi limenikaa moyoni zaidi. Karibu na stesheni ya Wadala, mnamo 2010, wataalamu wa tabia za watu walijaribu njia zisizo na polisi wala faini. Walipaka baadhi ya mataruma rangi ya manjano, ili mtu aone treni inavyoyameza moja baada ya jingine na kukadiria kasi yake. Waliwashauri madereva wapige honi fupi mbili zilizoachana badala ya moja ndefu, kwa kuwa ukimya wa katikati humzindua mtu. Na badala ya kibao chenye maandishi waliweka picha za uso wa mtu anayekaribia kugongwa, macho yamemtoka. Vifo mahali pale vilipungua sana. Ndoo ya rangi inagharimu kiasi gani? Wale watu walikuwa wamelitatua tatizo la Huskisson lenyewe, la macho yanayodanganywa, na wala hawakuanza kwa kuuliza nani mvamizi.

Kibera nako mpango ulibadilika. Badala ya kufukuza tu, nyumba ndogo na vibanda vipya vilijengwa kando ya reli, pamoja na ukuta wa kuitenga na njia za kuvukia. Ilichukua miaka mingi na ilikuwa na malalamiko yake. Lakini ukuta wenye mlango ni kitu tofauti na ukuta mtupu. Ukuta mtupu watu huutoboa.

Haya si mambo ya kale. Mwezi Oktoba 2024 serikali yetu ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ya umeme. Tanzania treni za umeme tayari zinatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa. Reli ile ina uzio, na barabara zinapita juu yake au chini yake. Treni ya kilomita 120 kwa saa hupita mita 33 kwa sekunde. Zile sekunde nne za mama mwenye mzigo zinakuwa mita 130. Mahali pa daraja huamuliwa kwenye ramani, kabla ya tingatinga kufika, na ramani nilizowahi kuona huonyesha barabara, mito na nguzo za umeme. Vijia havimo.

Likizo iliyopita nilichukua daftari nikatembea kando ya reli kutoka kwetu hadi kituo cha mabasi, nikihesabu mahali ambapo watu wanavuka. Nilipata vijia 11 na kibao kimoja, nacho kimeota kutu. Penye kijia cha nne mzee mmoja aliniita, akaniuliza, "Mjukuu wangu, unahesabu nini?" Nilipomweleza alicheka kidogo. Akasema kijia kile kilikuwa cha kwenda kisimani tangu enzi za baba yake, kabla treni haijafika Kampala. Kisima kilishafukiwa siku nyingi. Siku hizi watu wanapita pale kwenda kupanda bodaboda. Tukiwa bado tunaongea, wasichana wawili wenye sare za shule walitupita, wakatusalimu, wakavuka bila kutazama upande wowote.