Kambi Inahama, Nguva Aende Wapi?

Ukisikia jeshi linahamishwa, unafikiria malori na mahema, si ndio? Mimi siku hizi nafikiria nguva.

Iko hivi. Huko Okinawa, Japani, kambi ya Futenma ya Marekani iko katikati ya mji wa Ginowan. Ndege zinapita juu ya shule na nyumba za watu. Mwaka wa 1995 wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumbaka msichana wa miaka 12. Watu wakajaa barabarani, na 1996 serikali hizo mbili zikakubali kurudisha ardhi ya Futenma.

Poa sana, lakini kwa sharti: kambi nyingine ipatikane kwanza. Ikachaguliwa Henoko, kisiwa hicho hicho, ijengwe juu ya bahari yenye matumbawe na nyasi anazokula nguva.

Mwaka wa 2003 wanaharakati wakaenda kortini Marekani, na mlalamikaji wa kwanza kwenye kesi alikuwa nguva mwenyewe! Desemba 2018 udongo ukaanza kumwagwa baharini. Februari 2019 wakaazi wakapiga kura, zaidi ya asilimia 70 wakakataa. Udongo ukaendelea kumwagwa tu.

Wanaotaka Futenma ifungwe siwalaumu. Hata mimi singelala chini ya ndege hizo. Lakini kuhamisha kero si kuimaliza. Hata kwetu Lamu nguva wamebaki wachache mno. Kwa hivyo popote kambi inapohamia, tuulize mapema: nani anaishi hapo tayari, hata kama hapigi kura?